Nilivyomsifu Baba Mkwe kwa Kizungu

Leo nimejiaibisha, tena kwa Kizungu. Naandika nikiwa nyuma ya zizi hapa Boito, kwa sababu nyumbani bado wageni wanacheka. Nawasikia.

Wacha nianze mwanzo, nisije nikamwonea mtu.

Baba mkwe wangu amestaafu uenyekiti wa kituo chetu cha kuuzia majani chai. Leo wakulima na kanisa wamemfanyia sherehe ya shukrani. Sasa mimi natoka Chebunyo, kwa wafugaji, na tangu nimwoe binti yake Chebet, mzee hajawahi kunipa nafasi ya kusema neno mbele ya watu wake. Hata kuombea chakula. (Kusema haki, kuna siku aliniambia nifunge mlango. Nikaufunga vizuri sana.) Juzi akatangaza mbele ya wote: "Kutakuwa na wageni kutoka Kericho. Huyu mkwe wetu atasema kidogo. Kwa Kizungu."

Mimi niliishia darasa la nane! Kizungu changu ni kile cha kusoma gunia la mbolea. Lakini nafasi yenyewe ndiyo hiyo, ningekataa vipi?

Shida ikawa moja. Kizungu cha kumsifu mtu kinapatikana wapi? Huku kwetu mtu anaweza kuchuma chai maisha yake yote, asomeshe watoto, ajenge kanisa, na hakuna atakayemwambia neno tamu. Siku akizikwa ndipo sifa zinanyesha kama mvua, na zote ni za Kizungu. Na vile vitabu vidogo vya mazishi, vyenye picha ya marehemu mbele, tunavyo vingi kabatini. Nikavitoa. Nikachagua sentensi tamu tamu, nikazinakili kwa karatasi. Sifa ni sifa, nikajiambia. (Msinione mjinga kabisa. Majina ya marehemu niliyatoa.)

Chebet akasoma juu ya bega langu. "Baba Faith, haya maneno umetoa wapi?"

"Kwa watu waliosoma."

Na ni kweli, wote walisoma. Kwa sasa wamelala tu.

"Mimi sijui," akasema. "Yananifanya nisikie baridi."

Alinionya. Nimeandika hapa ili baadaye asiseme nimeficha.

Basi leo tukakusanyika. Hema, spika kubwa, kwaya upande mmoja. Mzee amekaa mbele na koti jipya, amevishwa sinendet shingoni, ule mmea wetu wa heshima. Nikaitwa. Nikashika maikrofoni.

"Mzee was a pillar of this community!"

Makofi! Nguzo ya jamii, nani angekataa? Nikanenepa.

"He was selfless! He touched many lives!"

Kutojipendelea, kugusa maisha ya wengi, na bado makofi yakapungua. Nikadhani Kizungu kimekuwa kizito kwao. Wazee wakaanza kuvua kofia. Heshima gani hii! Nikapandisha sauti, nikafika pale pa kumbukumbu yake kuishi mioyoni mwetu.

"His legacy will live on in our hearts!"

Mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa leso. Kwaya wakasimama polepole. (Kwaya nawatetea, hawana kosa. Wamezika watu wengi na maneno hayo hayo. Wakiyasikia, miguu inasimama yenyewe.) Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa nimebakisha sentensi moja, ile tamu kuliko zote, ya kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu alimpenda zaidi.

"Mzee, we loved you, but God loved you more!"

Kwaya wakaanza ule wimbo wa kushusha jeneza. Kwa sauti zote nne.

Na hapo ndipo shemeji yangu Weldon akafika. Alikuwa amechelewa kutoka Kericho, akasikia spika akiwa barabarani. Jameni! Alikata katikati ya shamba la chai akipiga nduru: "Baba! Baba yangu! Mbona hamkunipigia simu?" Akajitupa kwa kifua cha mchungaji. Mchungaji naye, kwa mazoea, akampigapiga mgongo: "Pole, jikaze. Ni mapenzi ya Mungu."

Mzee akainuka na sinendet yake.

"Weldon, wacha kelele. Mimi niko hapa. Nimekunywa chai saa hii."

Weldon akamwangalia babake, akaangalia kwaya, akapiga nduru nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Hema likapasuka kwa kicheko. Mgeni mmoja wa Kericho alicheka mpaka kiti cha plastiki kikamvunjikia. Chebet akafunika uso na kitambaa, na sidhani alikuwa anacheka. Halafu mzee akaninyang'anya maikrofoni.

"Sasa kijana, umenizika vizuri. Waambie watu basi, niliugua nini?"

Hiyo sehemu sikuwa nimenakili.

Nilitorokea huku kwa ng'ombe. Baada ya chakula nikasikia fimbo yake ikija. Nikajua ndiyo mwisho, hata mlango sitafunga tena.

"Ile karatasi iko wapi?"

Nikampa. Akaisoma yote, polepole, huku midomo ikicheza. Akaikunja mara mbili, akanirudishia.

"Hapo pa pillar ni pazuri. Itunze. Usiongeze, usipunguze. Weldon ni wa kulia tu, hawezi. Siku yangu ikifika, utasoma wewe."

"Asante sana, mzee!" nikasema kwa furaha kabisa. Halafu nikasikia nilichosema. Akageuza fimbo yake, akaenda zake.

Kwa hivyo nafasi nimepata, na ni ya kudumu. Ila ni kazi ambayo mtu hawezi hata kuifanyia mazoezi kwa sauti.