Vifuniko Vinavyohama Bila Kutembea

Jumatatu, 19 Aprili 1993

Mbuyi ameniibia tena. Ushahidi sina. Kifuniko chake kilikuwa pembeni mwa ubao, kimetulia kama katekista. Mara kiko katikati, kimeshakula viwili vyangu. Mkono sikuuona. Mkono wa mtu mwaminifu unaonekana!

Tunacheza dame, yaani drafti, kibarazani kwake, hapa kambi ya Kapata, tangu enzi king'ora cha kampuni ya mgodi kilipokuwa kikilia. Vifuniko vya bia ya Simba ni vyangu, vya Tembo ni vyake.

Alikuwa muuguzi, maneno anayajua. Anasema tangu nianguke mwezi wa Desemba sioni mwendo. Eti nyuma ya kichwa, ndani, ubongo umegawa kazi kama karakana: kona moja ya rangi, nyingine ya sura, nyingine ya vitu vinavyotembea. Hii ya mwisho imevunjika. Ndiyo maana baiskeli iko mwisho wa barabara, halafu iko juu ya kidole changu cha mguu, na katikati hakuna kitu.

Amejuaje mahali penyewe? Nilianguka kutoka juu ya mparachichi wake, nikikagua matunda. Yeye hakuwepo nyumbani. Hilo nalo linatia shaka.

Jumanne, 20 Aprili

Chai. Mke wangu Numbi alinikataza kujimiminia. Nikajimiminia. Chai ikasimama kati ya birika na kikombe kama fimbo, imeganda. Nikangoja ishuke. Kumbe imeshashuka, iko kwenye suruali. Nashuku birika. Ni zawadi ya Mbuyi.

Mchana akaja Mukalay, mkubwa wa vijana wa mstari wetu wa nyumba, akachora alama ya chaki kwenye mlango wa Mbuyi. Akasema watu wote wenye asili ya mkoa wa Kasai, kama Mbuyi, waende kituoni, wapande treni ya kwao. Mbuyi amepewa mpaka Jumapili. Mimi nikaambiwa nitafute mwingine wa kucheza naye, huyu ni mgeni. Nikajibu kwamba kitovu cha mgeni huyu kimezikwa mstari huu huu, na tena haruhusiwi kuondoka akiwa mbele yangu kwa ushindi. Mukalay akacheka. Mi sikucheka.

Siku tano! Nisipomkamata, ataondoka bingwa.

Alhamisi, 22 Aprili

Mtego wa kwanza. Nikapaka masizi ya sufuria kwenye vifuniko vyake. Mwizi atachafuka. Tukacheza, nikadaka mkono wake: masizi tupu! Akanikumbusha kwa upole kwamba vifuniko ni vyake, anavisukuma kwa haki.

Sikufikiria hapo.

Kisha akauliza kwa nini mimi nina masizi puani. Siku mbaya.

Ijumaa, 23 Aprili

Jicho limekufa, sikio lipo. Nikamfunga kengele ya mbuzi mkononi. Alikubali bila kubisha, jambo la kutilia shaka. Akicheza, kengele inalia mara moja. Vizuri. Akanila kifuniko. Kengele ikalia mara moja, kisha tena, polepole, kama ya mtu anayenyata. Nikarukia mkono. Ndani ya kiganja: Simba. Wangu! Mwizi!

Numbi alikuwa anatwanga majani ya sombe. Akatoka na mchi mkononi.

"Umuache," akasema. "Haibi. Anakurudishiaka. Tangu ulianguka, akikula bifuniko byako anarudishaka kimoja pa ubao. Bila ile ungekuwa unalia kila siku."

Mbuyi akatazama chini. "Kabamba, muzee wangu," akasema, "mi nilitaka tu muchezo usiishe mbio."

Kwa hiyo amekiri! Miezi minne anatia mkono kwenye ubao. Nilisema mimi.

Jumapili, 25 Aprili

Kituoni. Magodoro, cherehani, hata milango ambayo wanaohama wameing'oa nyumbani. Nilimsindikiza Mbuyi ili akiri mbele ya mashahidi. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusikiliza. Akanipa mfuko wa vifuniko vyake vya Tembo, vyote, akapanda behewa la mizigo, akainua mkono. Mkono ukaganda juu. Nikamwambia Numbi: tazama, haendi, ametulia.

Halafu reli tupu. Nyasi, na kiatu kimoja cha mtoto.

Numbi analia, anasema treni imekwenda. Nani kaiona ikienda? Mi sikuiona. Na mtu anayesafiri kweli haachi vifuniko vyake.

Nimerudi kibarazani kwake, nimepanga ubao. Mukalay alikuja kupima vyumba. Nimemwambia angoje, mchezo haujaisha. Kengele nimeifunga kwenye kiti cha Mbuyi. Zamu ni yake.

Kengele haijalia. Anafikiria. Nina hakika anapanga kuniibia.