Ombi la Kurudishiwa Mtambo wa Mume Wangu na Kubomolewa Ofisi ya Kijiji

Nangwa, Hanang
Juni 2004

Ndugu Mtendaji wa Kijiji,

Shikamoo. Natumaini wewe, mama na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya huku haijakufanya ujutie kuhamishwa kutoka Tabora. Mimi ni mzima kupita kiasi. Niliolewa baada ya Pasaka na fundi redio Maximilian Sulle, na mpaka leo kila asubuhi nashangaa kwamba mtu mzuri namna ile anakoroma kwangu.

Nakuandikia kuhusu mtambo wake, ambao uliuchukua Jumatatu ukaufungia kabatini, ukasema utavunjwa kwa nyundo mbele ya mkutano wa kijiji. Tangu siku hiyo mume wangu hali chakula. Anakaa mlangoni amekunja ngumi mbele ya kifua, kana kwamba bado ameushika. Ndugu Mtendaji, siwezi kumtazama.

Labda hukuelezwa vizuri. Mtambo ule hutafuta dhahabu na rupia ambazo Wajerumani walizifukia walipokimbia, nao huziona kutoka mbali, hata kama kuna kilima katikati. Ameuunda mwenyewe kwa antena mbili za redio, kikokotoo, betri za tochi na kopo la mafuta ya kujipaka, vyote juu ya mpini wa jembe. Ila mtambo haujui dhahabu mpaka uonjeshwe. Basi mume wangu alivua pete yake ya ndoa akaitia koponi, ili mtambo utafute iliyo mwenzake. Mawifi walisema, "Hee, maua ya harusi hayajanyauka, ameshavua pete!" Mimi nililia kwa furaha. Nani mwingine Hanang nzima ameitoa pete yake kwa ajili ya sayansi?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Inasemwa kwamba mtambo ni wa uongo. Si kweli. Mara ya kwanza kabisa ulielekea kanisani bila kuyumba. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nami niko sauti ya pili, nikamwona dirishani anakuja, antena zimetuelekea, uso unang'aa kama siku ya harusi. Wimbo ukanitoka. Katekista alimzuia kuchimba karibu na altare. Nauliza kwa heshima: Wajerumani hawakuwa wakisali?

2. Mzee Patriki amelalamika kuhusu shimo kwenye maharage yake. Shimo lipo, na ndama wake aliingia akatolewa kwa kamba, nampa pole ndama. Lakini siku ile wanawake tulikuwa tunamsaidia Mzee kung'oa maharage, na mtambo ulitoka nyumbani kwetu, ukavuka korongo, ukapita mashamba ya watu wote, ukasimama miguuni pangu. Ilibidi nisogee ili achimbe. Niliposogea, antena zikageuka tena, ndiyo maana shimo likawa refu kama mfereji kuelekea ilipokuwa birika ya chai. Mtambo wa uongo ungechoka mapema.

3. Bibi Scolastica amemwita mume wangu mwizi wa kuku, eti alinyata nyuma ya jiko lake. Hakunyata. Anayebeba mtambo hutembea polepole ili betri zisitikisike. Nina ushahidi, maana nilikuwemo jikoni humo nikipuliza moto wa makande.

4. Sasa naja kwako. Jumatatu nilifika ofisini kuandikishwa kuwa mkazi, kwa kuwa mimi ni wa Maretadu na sasa ni wa hapa milele. Nilikaa kwenye benchi la ukuta wa magharibi tangu asubuhi, kwa sababu mhuri ulikuwa umesafiri kwenda Katesh. Mchana mtambo ukaingia. Ulipita meza yako, ukampita mgambo, ukagusa ukuta karibu kabisa na sikio langu. Badala ya kushukuru kwamba umekalia hazina, ulimnyang'anya mume wangu mbele yangu.

Kwa hiyo naomba mtambo urudishwe, na ukuta wa magharibi ubomolewe. Mkoa wetu wa Manyara ni mchanga kama ndoa yangu, nao unahitaji kitu cha kuanzia maisha. Wakati wa kuchimba unakaribishwa kufanyia kazi kwenye banda la Maximilian. Kuna redio nyingi, hutakosa burudani.

Msalimie mama, watoto, mwenyekiti, na hata yule mgambo aliyeubeba mtambo kichwa chini miguu juu. Nimeshamsamehe.

Mimi mkazi mtarajiwa, mwenye furaha na uchungu kwa pamoja,
Oliva Maximilian (zamani Oliva Qamara)

N.B. Nimeisoma barua upya kutafuta makosa, kama tulivyofundishwa sekondari, nami nimeliona moja kubwa. Kanisani nilikuwepo. Kwenye maharage nilikuwepo. Jikoni nilikuwepo, na kwenye benchi lako pia. Pete iliyo koponi ina mwenzake mmoja tu, nayo iko kidoleni mwangu. Tafadhali usibomoe ukuta. Tena niseme yote: leo nimevua pete ili nikande unga, nikakuta kidole kina duara la kijani. Pete tulizinunua mnadani Katesh, kwa hiyo mtambo haujawahi hata kuonja dhahabu. Shimo la Mzee Patriki tutalifukia sisi wawili.

Lakini mtambo nauomba bado, tena kabla ya Jumapili. Jumatatu ijayo nakwenda Maretadu kukaa na mama kwa muda, na katikati kuna vilima vingi. Nitavaa pete. Kila jioni nitakaa nje nikitazama barabara, na Maximilian akitokea na mpini wake wa jembe, nitamwacha aseme kwamba ni mtambo ndio uliomleta.