Jeni Ianze Herufi ya 212, Tafadhali

Maabara ya ghorofa ya pili,
Aarhus, 14 Novemba 1985

Ndugu Mkuu wa Taasisi, Dkt. Inger Lysholm,

Natumaini mafua ya wiki iliyopita yamekuachia. Mimi ni Torkild Bjerregaard, fundi wa maabara, yule mwenye jokofu lililobandikwa karatasi ya "usiguse". Nakuandikia kwa heshima na masikitiko, kwa sababu nimenyang'anywa herufi tatu za DNA.

1. Kwa miaka tisa nimesema kwamba jeni yetu ya shayiri inaanza kusomwa kwenye herufi ya 212. Sikuota. Nachukua uzi wa DNA wenye alama ya fosforasi nururishi, nauacha ushikane na RNA, yaani nakala inayotoka jeni inaposomwa, kisha natia kimeng'enya kinachokula kila kisichoshikana. Kinachosalia nakipitisha kwenye jeli, kando ya vipande ambavyo urefu wake unajulikana, nalaza filamu juu, na mstari mweusi unaniambia: 212. Wanafunzi kumi na mmoja wamehitimu kwa namba hiyo.

2. Septemba alikuja Dkt. Solvej Damgaard kutoka Odense. Ni kijana, mpole, na anaoka keki nzuri, jambo linalofanya kumchukia kuwe kazi ngumu. Yeye hubandika kipande kifupi cha DNA juu ya RNA, na kimeng'enya chake kinanakili kurudi nyuma mpaka RNA inapoanzia. Akapata 209. Akanieleza mbele za watu huku akinimiminia kahawa: "Mzee Torkild, nadhani vipande vyako ni vifupi kwa herufi tatu."

Nikamjibu, "Vyako ndivyo virefu, binti yangu."

"Basi turudie pamoja."

Nikakataa. Kurudia ni kwa watu wenye mashaka.

3. Jambo likafikishwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Preben wa ofisini, anayeshughulikia usalama wa ngazi na milango, akapendekeza tukutane katikati, 210 na nusu, ili amani irudi. Watu kumi na wanne wakanyoosha mikono. Nauliza kwa unyenyekevu, nusu ya herufi inaandikwaje?

4. Hata mke wangu Bodil, akinipakulia viazi, aliniuliza, "Kwani ukikubali utapungukiwa nini?" Ndugu Mkuu, namba hiyo ndiyo kitu pekee nilichowahi kugundua mimi mwenyewe.

Kwa hiyo naomba Taasisi itoe tamko rasmi kwamba ni 212. Naomba pia njia ya Dkt. Solvej ipigwe marufuku siku za kazi. Na endapo shayiri yenyewe itakaidi na kuendelea kuanzia 209, ipewe onyo la maandishi. Ikirudia, ifukuzwe, tuhamie kwenye ngano.

Wasalimie jamaa wote wa ghorofa ya nne, na Mogens wa kuosha vyombo, na mama yako mzazi ukimtembelea Jumapili.

Ni mimi, ambaye adabu zangu zote bado ninazo,

Torkild Bjerregaard

Nyongeza: Nilichelewesha bahasha hii siku nne ili niambatishe filamu mpya. Kimeng'enya cha zamani kilikuwa kimekwisha, nikafungua chupa nyingine, na safari hii nikasoma maelekezo. Kumbe miaka yote nilikuwa nikitia mara tano ya kiasi kinachotakiwa. Kikishamaliza kula kisichoshikana, kinaanza kutafuna ncha za kilichoshikana. Nimetia kiasi sahihi. Mstari umekaa kwenye 209, mwembamba, mweusi, hauna ubishi.

Ningeweza kuitupa filamu ile, hakuna aliyekuwa ameiona. Nikampelekea Dkt. Solvej mwenyewe, nikamwambia, "Ulisema kweli. Nilikuwa nakosea."

Akaitazama kwenye taa, hakucheka. Akasema, "Mzee Torkild, sijawahi kupata mstari safi kama huu. Huu ndio tutakaouchapisha, na jina lako litatangulia."

Nikamwambia mtu hatangulizwi kwa kujipinga mwenyewe.

Hakunisikiliza. Alikuwa ameshachukua kalamu. "Bjerregaard," akauliza, "r ni ngapi?"

Nikamwambia tatu.