Mjomba wa Jasusi

Leo nimejichoma mwenyewe mbele ya watu, tena kwa maikrofoni.

Niko saiba hapa Machakos, kwenye kompyuta ya mwisho, nimetazama ukuta. (Ukiniona, pita tu.)

Kwa wasiomjua, marehemu Kyalo ndiye alikuwa akisimama kando ya televisheni katika ukumbi wa video wa Bwana Salim, akitutafsiria filamu za Kiingereza. Tulimzika kijijini Kola mwezi uliopita. Tangu hapo ukumbi umekuwa matanga. Watu wanaingia, wanatazama, wanatoka bila neno.

Mimi sina kazi tangu kiwanda kifungwe. Salim akaniambia, "Jumamosi tunaweka sehemu ya pili ya yule dada jasusi. Ukishika watu, kazi ni yako."

Sehemu ya kwanza kila mtu anaijua: dada mweusi wa Amerika, nywele kama mzinga wa nyuki, teke moja wanaume watatu chini. Na yule mzee wa suti nyeupe ni mjomba wake aliyemlea. Kyalo alituambia.

Nikajiandaa. Jana nilitazama kanda zote mbili peke yangu.

Leo ukumbi ulijaa. Nikaanza kwa haki. "Uzuri: muziki, mateke, magari yanayoruka. Udhaifu: risasi haziishi, damu ni rangi ya mlango, na huyu ni jasusi gani wa siri anayevaa koti la manjano?"

Wakacheka! (Nikajiona nimeajiriwa.)

Kisha akatokea mzee wa suti nyeupe. Dada akamwelekezea bunduki. Nikatafsiri, "Anasema, mwizi wewe, leo ni leo."

"Wee! Huyo ni mjomba wake!" akapaza sauti jamaa wa mbele.

"Ngai! Mtu anampigaje mjomba?"

"Rudisha nyuma, umesikia vibaya!"

Nikasimamisha kanda. "Jamani, ukweli usemwe. Hakuna mjomba. Kyalo hakujua Kiingereza. Alikuwa anawadanganya."

Nikagundua hawanitazami mimi. Wanatazama mlangoni, alikokaa Mama Mwende na sinia yake ya njugu. Mjane wa Kyalo. (Ardhi ya Machakos ni ngumu. Haikupasuka inimeze.)

"Kweli hakujua, mwanangu," akasema polepole. "Kanda ikija, tulikuwa tunaitazama nyumbani, sauti tumezima. Ananiuliza, 'Mama Mwende, huyu wa suti nyeupe awe nani?' Mjomba nilimtunga mimi. Mimi nililelewa na wangu."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

"Sasa mama," akauliza yule jamaa wa mbele, kwa adabu, "mbona anamwelekezea bunduki?"

Mama Mwende akaitazama ile picha iliyosimama. "Anajifanya. Wale wabaya wasijue ni ndugu."

"Aaah!" ukumbi mzima.

"Mpe mama maikrofoni!"

Nikampa. Sauti yake ilitetemeka kidogo, halafu ikakaa. Mwishoni mjomba alipokufa mikononi mwa dada, wanaume wazima walifuta macho. Nami nililia, ingawa nilikuwa nasikia Kiingereza cha yule mzee. (Alikuwa anatukana.)

Salim hakunigombeza. Alinikabidhi tu ile sinia ya njugu, kwa kuwa Mama Mwende ana kazi sasa.

Kwa hivyo tafadhali, hakuna kucheka. Sehemu ya pili ni nzuri, nendeni mkaione. Udhaifu wake mkubwa mtaukuta mlangoni, unauza njugu.