Benchi la Kukiri

Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, nimeshaandika ANAYEKAA HAPA kwa rangi nyekundu kwenye ukuta ulio juu ya benchi. Nilikuwa nataka kuanza neno AMEKIRI, askari wa mahakama alipopiga kelele, "Kimya!" ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Ndiyo maana tunamwita Kimya. Nikashuka, kwa sababu hakimu alikuwa anaingia, na si vizuri karani kuwa juu kuliko hakimu.

Kwa wasiofahamu, niseme kwa fahari ya mtumishi wa umma: mahakama yetu ndogo imechaguliwa kuwa ya kwanza kutekeleza Mpango wa Kuharakisha Majibu ya Washtakiwa. Mpango huu umebuniwa makao makuu na Mkurugenzi wa Kasi ya Haki mwenyewe, baada ya utafiti wa kina.

Utafiti uligundua kwamba kinachochelewesha kesi ndogondogo si upungufu wa mahakimu, wala majalada kupotea. Ni maelezo. Mtu anasomewa shtaka la kukojoa ukutani, anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Hapo linatakiwa neno moja au mawili, basi. Yeye anajikuna kichwa na kusema, "Mheshimiwa, ilikuwa hivi." Ikishakuwa hivi, asubuhi yote imekwenda. Anakuletea mvua, mjomba mgonjwa, choo kilichofungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo ambaye hajulikani aliko mpaka leo.

Kwa hiyo Mkurugenzi aliondoa maelezo, na kwa tahadhari akaondoa pia swali. Sasa mshtakiwa anajibu kwa makalio. Anayekaa benchini amekiri kosa la jalada lililo mezani wakati huo. Akisimama karibu na dirisha, anakana. Kukana kunaandikwa pale tu mtu anapoendelea kusimama hadi majalada yote ya mezani yaishe, na tangu niajiriwe hayajawahi kuisha. Benchi la wanaokana litaletwa katika awamu ya pili. Tumeliulizia mara nyingi, na kila mara ofisi ya Mkurugenzi imetujibu kwa adabu kwamba ombi letu limepokewa.

Matokeo ni ya kutia moyo. Zamani watu wetu walikuwa wabishi. Siku hizi jua likishapiga dirishani, dhamiri zinaamka zenyewe. Mzee mmoja aliyekuja kumletea mkwewe mwavuli alikaa avute pumzi jalada la mtu mwingine likiwa mezani, akawa amekiri kufuga mbwa bila kibali. Hana mbwa. Lakini mpango hauingii kwenye mambo ya mbwa.

Hakimu wetu, mama mtulivu mwenye miwani, alimuuliza yule mzee, "Kwani ilikuwaje?" Akapata barua ya onyo kutoka makao makuu. Tangu hapo hamuulizi mtu kitu.

Aliyekuwa anatuharibia takwimu ni fundi viatu. Alishtakiwa kwa kuweka chombo cha kazi kwenye njia ya waendao kwa miguu. Chombo chenyewe ni cherehani yake ya kushonea viatu, ambayo ilikuwa chini ya meza yangu kama kielelezo. Akikiri, cherehani inataifishwa, na hana nyingine. Jana alisimama mpaka tukafunga. Leo amekuja kuendelea kusimama pale alipoishia, kama kanuni inavyotaka, na kila baada ya kesi mbili tatu jalada lake linarudishwa mezani ili apate nafasi ya kujirekebisha.

Miguu ilikuwa imemvimba hadi amefungua kamba za viatu. Dada yake mkubwa alisimama nje ya dirisha kumchunga.

"Dada, miguu inawaka moto."

"Iwake! Ukikaa tu, cherehani imekwenda. Utashona viatu kwa meno?"

"Nikae kidogo. Nusu tako."

Kimya akanigeukia. "Karani, nusu tako ni nini kisheria?"

Nikafungua mwongozo. Nusu tako ni kukiri bila kujutia, na adhabu yake ni kubwa zaidi.

"Umesikia?" dada akasema. "Simama, mwana wa mama. Jioni nitakukanda na maji ya moto. Ukikaa, kwangu usije."

Ilikuwa karibu na mchana Mkurugenzi alipofika kujionea matunda ya kazi yake. Barabara ilikuwa imejaa, kwa hiyo dereva wake alilipandisha gari kwenye njia ya waendao kwa miguu, likaziba njia yote kuanzia mlango wetu hadi dirishani. Dada yake fundi alijibana ukutani, akasonya kwa muda mrefu.

Mkurugenzi aliingia akichechemea. Viatu vyake vilikuwa vipya, vinang'aa, na ilikuwa wazi kwamba havimpendi. Lakini kiongozi ni kiongozi. Alihutubia akiwa amesimama, na alihutubia sana.

"Mpango huu hautaki upendeleo!" alisema. "Anayekaa amekiri. Awe nani, awe nani! Hakuna ndugu, hakuna cheo, hakuna maelezo!"

Tukapiga makofi. Hakimu alipiga pia, kisha akaandika kitu. Mkurugenzi akainama, akagusa kisigino chake, akakunja uso. Akasogea nyuma hatua moja, akakaa, akaanza kuvua kiatu.

Mezani palikuwa na jalada la fundi viatu.

"Amekaa," alisema Kimya. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinong'ona.

Hakimu akarekebisha miwani. "Andika, karani. Mshtakiwa amekiri."

"Nani?" Mkurugenzi akauliza, kiatu kimoja mkononi. "Mimi? Mimi nimekaa kuvua kiatu."

"Hayo ni maelezo."

"Mama, mimi ndiye Mkurugenzi!"

Hakimu akasoma alichoandika. "Awe nani, awe nani."

Mtu mmoja kule nyuma akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Hakimu akaendelea bila kupandisha sauti: "Kosa ni kuweka chombo cha kazi kwenye njia ya waendao kwa miguu. Askari, kuna chombo?"

Kimya akachungulia nje. "Kipo, Mheshimiwa. Cheusi. Dereva yumo ndani, amelala."

"Basi ukweli na benchi vimekubaliana, jambo ambalo hapa halijatokea siku nyingi. Jalada hili lina nafasi ya mshtakiwa mmoja, na amepatikana. Fundi, chukua cherehani yako. Kielelezo kipya kibaki hapo kilipo."

Fundi alitazama benchi, akatazama cherehani, akaiinua haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Dirishani dada yake alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa upande wa kanga.

Mkurugenzi akaruka juu. "Mheshimiwa, ilikuwa hivi!"

Ukumbi mzima ukaguna.

"Hata maandishi hayajakamilika!" alisema akionyesha ukutani. "Yanasema ANAYEKAA HAPA. Anayekaa hapa amefanya nini? Mbona hayasemi?"

Ilibidi nikiri kwamba ni kweli.

"Hoja nzuri," alisema hakimu. "Lakini wote waliokaa hapa walikaa chini ya ukuta huohuo, na wengine ukuta ukiwa mtupu. Nikikusikiliza wewe, itabidi niwaite wote niwasikilize. Mpaka yule wa mbwa. Nitalifikiria, niamue kesho asubuhi. Kwa sasa kama unakana, unajua pa kusimama. Umepachagua mwenyewe."

Mkurugenzi akaenda dirishani akirukaruka kwa mguu mmoja. Jua lilikuwa limefika. Fundi alipita karibu yake, cherehani begani.

"Pole, mzee. Hicho kiatu kinataka kulegezwa nyuma tu. Kazi ndogo."

"Nilegezee basi, ndugu yangu. Nakuomba."

"Ningependa sana. Ila cherehani nikiitua tu hapo nje, nimevunja sheria."

Tulipofunga, majalada yalikuwa bado yamejaa mezani. Mkurugenzi aliarifiwa kwamba anaweza kwenda nyumbani kwa miguu na kuja kesho kuendelea kusimama. Nilipanda ngazi nimalizie neno lililobaki, nikakuta brashi imekauka kama kuni. Si kitu. Kwanza tujue hakimu ataamua neno gani lifuate.

Mkurugenzi alikuwa bado dirishani, anajaribu kuingiza mguu ndani ya kiatu.

"Karani," aliniita kwa sauti ya chini, "lile benchi la awamu ya pili. Haliwezi kuletwa kesho asubuhi?"

Nikafunika kopo la rangi, nikamjibu kwa adabu kwamba ombi lake limepokewa.