Magimbi Yaliyokataa Kufa

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekuwa jasiri! Kidogo. Nilisimama nje ya maabara ya chuo dakika kumi na saba, kisha nikaingia na kumuuliza Dada Luisa kama mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzungumza kwenye Mkeka. Miaka miwili nimeusikiliza dirishani. Kila Alhamisi watafiti chipukizi huketi chini kuzunguka bakuli la kava, kinywaji cha mizizi, maprofesa hawakaribishwi, na msemaji lazima alete jaribio lililomshinda. Lililofaulu wapelekee wakubwa, ndivyo wasemavyo.

Dada Luisa, mtafiti wa kaa wa mikoko, ndiye mwenye orodha. Akasema wiki hii nafasi moja ipo, ila kuna mwanafunzi mwingine anaitaka. Atatutembelea nyumbani Jumatano. Aliyeshindwa vizuri zaidi ataketi mkekani.

Huyo mwingine ni binamu yangu Salanieta, jirani yetu. Nani tena! Maharage yake kumi na mawili, aliyoyamwagilia maji ya sabuni, hayajaota hata moja. Mimi nina magimbi kumi na mawili kwenye ndoo. Sita nayapa maji ya mwani, sita maji matupu. Ya mwani yamenawiri kama mashemasi.

Balaa.

Jumanne, 4 Machi
Mpango wa kwanza: nisiyamwagilie ya mwani. Hapa Suva, Fiji, mwezi wa Machi! Mvua imenyesha kutwa.

Mpango wa pili: kabla ya shule niliyaficha uvunguni mwa nyumba, gizani. Niliporudi nikakuta Bibi ameyatoa yote, ameyafuta majani kwa kitambaa na kuyaongezea mwani. Akaniuliza tangu lini gimbi likawa panya.

Salanieta alikuwa uani kwao, anaangalia. Akapaza sauti kwamba shuleni mimi ni wa kwanza kila muhula, basi huku kwenye kushindwa nimuachie yeye. “Kufeli nako kunataka kipaji, profesa!” Jibu nimelipata sasa hivi, saa tatu baadaye. Si zuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima nguruwe. Anaitwa Kanali, wa Mzee Eparama. Mzee aliniuliza namtakia nini, nikasema sayansi. Akasema vyema, Kanali siku zote ameonekana mwenye kufikiri.

Nilimfunga karibu na magimbi ya mwani. Kanali akanusa. Akapiga chafya. Akageuka, akaing'oa kamba, akaenda kula yale sita ya maji matupu. Yote! Majani, mashina, mizizi, hata udongo kidogo. Nikabaki na magimbi yaliyofaulu peke yake.

Hapo ndipo Dada Luisa alipofika. Alitoka kwa Salanieta, ambako maharage tisa yalikuwa yameota asubuhi hiyohiyo. Salanieta alimfuata nyuma akilia kwa hasira na kudai nimeyaombea.

Nilimwambia Dada Luisa ukweli, maana uongo hunitoa jasho. Nilisema sina cha kuonyesha ila mafanikio. Akauliza ya maji matupu yako wapi. Nikamwonyesha Kanali.

Akachuchumaa. Akauliza taratibu: sasa nitajuaje kama yamenenepeshwa na mwani, na si udongo, wala mvua, wala Bibi? Ya kuyalinganisha nayo ni yapi?

Nikatazama ndoo sita zisizo na mmea. Kisha nikamtazama Kanali.

Dada Luisa akacheka hadi akashika ukuta. Alisema miaka mitano ya Mkeka hajapata kuona mtu aliyeliua jaribio zuri namna hii kwa mkono wake mwenyewe. Na wa nguruwe.

Nafasi ni yangu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeketi mkekani. Mimi! Dakika mbili za kwanza nilizungumza na bakuli. Nilipofika kwenye chafya ya Kanali, Salanieta, aliyekuja ili anicheke, alicheka kweli, na wengine wote wakafuata. Nikainua macho. Kaka mmoja, mtafiti wa matumbawe, akasimulia jinsi alivyowahi kuosha sampuli za mwaka mzima akidhani ni vyombo vichafu. Nilipomaliza wakanipigia makofi matatu mazito, yale apigiwayo mtu aliyemaliza kikombe cha kava. Mimi nilikunywa sharubati.

Dada Luisa alisema swali la mwani ni zuri kweli. Nirudie jaribio, safari hii kwa uzio imara, na yeye atanisaidia kupima. Salanieta akajitolea kujenga uzio. Nimefurahi mpaka nimesahau kula muhogo.

Jumamosi, 8 Machi
Magimbi mapya kumi na mawili yamepandwa. Uzio umesimama, Salanieta kaukaza kwa waya. Safari hii jaribio litafaulu, nina hakika.

Ila nimewaza. Likifaulu, mwezi ujao nitakwenda na nini kwenye Mkeka?

Nimepita kwa Mzee Eparama. Kanali ana nafasi Jumanne.