Siku Kumi za Kumkosa Mshauri

Ijumaa, tarehe 28 Februari

Matokeo yamebandikwa. Takwimu: thelathini na saba. Ya kupita ni arobaini. Alama tatu! Mtu anaweza kudondosha alama tatu kwa kupiga chafya. Pembeni wameandika "amwone mshauri wake", na mwaka wa mwisho kila mtu anajua maana yake. Ukishamwona ni sahihi, barua, begi, nyumbani.

Binamu, ambaye ukoo na ofisi ya mabweni wamekula njama tukae chumba kimoja, amepata themanini na moja. Alikunja shati lake taratibu tu. Kukunja kule kuliniuma kuliko matusi.

Mama kapiga simu. Yeye ni fundi cherehani na ameshanunua kitambaa cha suti yangu ya mahafali. Anataka kipimo cha kifua. Nikasema nitampa kesho. Nimeogopa. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma: nimeogopa sana.

Jumapili, tarehe 2 Machi

Nimeokoka! Nimesoma kitabu cha kanuni za mitihani chote, kwa mara ya kwanza tangu nipewe (kilikuwa kinazuia dirisha lisijifunge). Kanuni ya kumi na nne: mwanafunzi haondolewi masomoni kabla ya kuonana na mshauri wake. Akimkosa siku kumi za kazi mfululizo, na ushahidi anao, jambo lake linakwenda kwenye kamati na yeye anaendelea na masomo kama kawaida. Kama kawaida! Nimeruka kitandani mpaka Binamu akauliza kama nimeumwa na nge.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya kwanza. Mshauri wangu ndiye mwalimu wa Takwimu mwenyewe, mama mmoja asiye na maneno mengi. Tunamwita Saa Kamili, kwa sababu hajawahi kuchelewa hata mvua inyeshe vipi. Kumkosa mtu wa namna hiyo si kazi ya kitoto. Bahati nzuri ratiba yake iko mlangoni: saa nne hadi saa sita anafundisha. Nikafika saa nne na dakika kumi. Nikabisha kwa heshima zote. Kimya. Kimya kitamu!

Nikamwita mhudumu wa ofisi, mzee mwenye funguo nyingi kuliko milango, aweke sahihi kwenye daftari langu: amebisha saa nne na dakika kumi, mwalimu hayupo. Akaweka. Akauliza kwa nini nisije saa mbili asubuhi, maana mwalimu hakosekani. Nikampa shikamoo ya pili, nikaondoka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya nne, sahihi nne. Lakini mwindaji sasa anawindwa! Saa Kamili ananitafuta. Binamu anasema amepita madarasani akiniulizia kwa jina. Jana nilimwona anakuja kwenye korido ya maktaba, nikaingia mlango wa kwanza niliouona. Ilikuwa stoo ya mafagio. Nimekaa na ndoo dakika ishirini.

Mtu hatafutwi hivi kwa heri. Binamu anasema pengine ni heri. Pamoja na themanini na moja yake, Binamu hana akili.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku ya sita. Binamu ameniletea bahasha kutoka kwa mwalimu. Juu imeandikwa MUHIMU kwa wino mwekundu. Mtego! Kanuni ya kumi na nne, kifungu cha tatu: barua ya mshauri ikishafunguliwa inahesabiwa kwamba mmeonana. Mimi si mtoto wa jana. Nimeikunja mara nne, nikaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza. Miaka mitatu meza hii inatikisika nikiandika. Leo imetulia tuli. Kumbe nilifelishwa na meza.

Mama kapiga tena. Kifua? Sikuwa na moyo wa kujipima suti ambayo huenda nisiivae. Nimempa kipimo cha Binamu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Sina nguvu ya kuandika, lakini nitaandika.

Siku ya kumi! Sahihi kumi! Saa tisa na nusu nilikuwa kwenye dirisha la ofisi ya mitihani, daftari mkononi, kifua mbele. Karani akasema barua zote za mshauri ziambatanishwe, zikiwa zimefunguliwa. Nikamweleza kwamba kufungua ni kuonana. Akasema siku kumi zimeshatimia, nilete barua, nyuma yangu kuna foleni.

Nikakimbia bwenini, nikainua meza, nikarudi. Nikaifungua pale pale dirishani. Mwalimu aliandika kwamba kosa ni lake. Kurasa mbili za majibu yangu zilishikana, hakuziona. Amezisahihisha. Nina arobaini na sita. Nimefaulu. Anaomba radhi. Niende nikasaini fomu ya marekebisho mbele yake, ifike ofisi ya mitihani mwisho Ijumaa tarehe 14 saa kumi jioni, na yeye yupo kila siku saa mbili.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Nilikimbia vile ambavyo sijawahi kukimbia. Mlango wake umefungwa! Mzee wa funguo akasema mwalimu amenisubiri tangu mchana, sasa hivi katoka kwenda kunitafuta bwenini. Mbio bwenini. Binamu akasema ameondoka sasa hivi kwa njia ya nyuma. Mimi nilikuja kwa njia ya mbele. Mbio dirishani. Dirisha limefungwa, na Saa Kamili amesimama pale na fomu, anahema. Saa kumi na dakika mbili.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amechelewa, na alichelewa kwa ajili yangu. Nililia. Nikamwambia ni vumbi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Kamati. Kanuni ni kanuni, wamesema: thelathini na saba inabaki, nitarudia mtihani tarehe 7 Aprili. Nikifeli, begi. Wamepitisha daftari langu mkono kwa mkono, wakalilinganisha na ratiba ya mlangoni. Mmoja alikohoa muda mrefu. Saa Kamili akaniuliza, bila hasira, kuna uwezekano gani wa kumkosa mtu mara kumi kati ya kumi kwa bahati tu. Swali kama hilo lilikuwa kwenye mtihani, nililiruka.

Kisha akajitolea kunifundisha mwenyewe, kila siku, saa mbili asubuhi. Nimeguswa. Nimeapa kubadilika.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Jana nilikwenda. Saa mbili ni mapema sana. Leo sikwenda.

Suti imefika. Nzuri mno. Inamkaa Binamu utadhani alizaliwa nayo. Mama ameshona jina langu ndani ya kola, nimelitazama kwa muda mrefu.

Jioni Binamu kaleta bahasha nyingine. FUNGUA LEO, wino mwekundu, mistari miwili chini yake. Anasema amesikia mtihani wangu umebadilishiwa siku, pengine ndani kuna tarehe mpya. Tarehe naijua: ni tarehe 7.

Nimekaa nikatafakari kwa makini kosa langu la wiki iliyopita lilikuwa wapi, maana mtu mzima hujifunza. Na nimelipata. Siku zote bahasha ilipokuwa imefungwa nilikuwa salama, nina furaha, na usingizi ninao. Balaa lilianza pale nilipoifungua.

Meza nayo tangu Ijumaa inatikisika vibaya. Nimeikunja bahasha mara nne, nikaisukuma chini ya mguu. Imeingia sawasawa. Sasa naweza kukaa chini nisome kwa bidii, na nimeshaanza: kanuni ya ishirini na mbili, kurasa tatu nzima.